Mbuyu wa Bibi Uko Kabatini

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili. Mwezi ujao nakwenda bonde la Yaeda kuzungumza na Wahadzabe kuhusu ardhi na chakula chao cha porini. Safari ya kwanza nilijaribu hojaji kwa wazee watatu, wakanijibu "ndiyo" kwa kila kitu. Sasa nataka wachore, ila msimamizi wangu anasema michoro ni mapambo, si data.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Ndiyo" hiyo naijua. Ni adabu ya mwenyeji anayetaka mgeni amalize shughuli yake aende salama.

Mweleze msimamizi wako kisa cha Ngurrara, kaskazini-magharibi mwa Australia. Wazee wa jangwani walikuwa wakidai ardhi yao, wakaona Kiingereza cha wanasheria hakibebi wanachotaka kusema. Mwaka 1997 wakaichora nchi yao kwenye turubai moja la mita 8 kwa 10. Siku ya kutoa ushahidi, shahidi alisimama juu ya kisima cha kwao palepale turubaini, akaeleza kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa mwaka 2007. Mapambo hayo?

Mimi mwenyewe nilikosea hukohuko Yaeda. Bibi mmoja alinichorea mchangani, kwa ncha ya mti wake wa kuchimbia mizizi: korongo, mibuyu mitatu, mahali pa nyuki. Mbuyu mmoja aliufuta kwa kiganja, akauchora upya, akaufuta tena. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nahangaika kunakili. Niliporudi mwaka uliofuata, mikono mitupu, akaniuliza, "Mbuyu wangu umeuweka wapi?" Ulikuwa kwenye kabati la ofisi, Dar es Salaam. Swali lile linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujagawa karatasi, kaeni mkubaliane: mchoro wenyewe utabaki kwa nani, jina la nani litaandikwa, kipi kisionekane kabisa. Ramani ya maji na asali ikichapishwa, watafika wasioalikwa. Ngoma yao takatifu ya epeme, inayochezwa usiku usio na mwezi, usiombe kuirekodi. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hakikupi ruhusa hiyo.

Wakikubali kuchora na kurekodiwa, washa kinasa sauti mkono unapochora. Sikiliza wanavyobishana korongo lipite wapi; data anayoidai msimamizi wako imo humo.

Beba mkaa na karatasi ngumu. Kalamu za nta zikiachwa juani kule huyeyuka.