Mume wangu anasema kichwa ni kisingizio

«Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Tangu nianze vidonge vya majira mwaka jana, kila hedhi ikikaribia kichwa hunigonga upande mmoja mpaka natapika. Kabla hakijaanza naona vimulimuli vya mwanga vilivyopindapinda, na vidole hufa ganzi. Siku hizo siwezi kuwa na mume wangu, naye anasema ni kisingizio. Mama mkwe anataka nipungwe pepo. Nifanye nini?»

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuligusa suala la mumeo sina budi kuanza na vile vimulimuli na ganzi ya vidole, maana umevitaja kwa kupitia tu, ilhali ndivyo vilivyonishtua.

Unachokieleza kinafanana sana na kipandauso, maumivu makali ya kichwa ya kujirudia yanayowapata wanawake takribani mara tatu zaidi ya wanaume. Kwa wengi huchochewa na kushuka kwa homoni ya estrojeni siku mbili hivi kabla ya hedhi. Na kwa anayemeza vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni ikiwa mojawapo, hushuka anapofikia vile vidonge 7 vya mwisho vya paketi, vya rangi ya kahawia, ambavyo aghalabu ni madini ya chuma tu. Itazame paketi yako, nadhani utaona kichwa kinakuja wiki hiyohiyo. Mama mkwe amesema kwa kukuonea huruma, usimjibu kwa ukali, lakini kupungwa kusikucheleweshe kufika kliniki.

Mwanamke ambaye kipandauso chake hutanguliwa na mwanga au ganzi hatakiwi kutumia vidonge vyenye estrojeni, kwa sababu hali hiyo na vidonge hivyo, kila kimoja, huongeza hatari ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika daraja la 4, yaani njia hiyo isitumike kabisa. Kwa umri wako hatari yenyewe bado ni ndogo, wala sikuandikii ili ukose usingizi, ila hakuna sababu ya kuibeba wakati njia nyingine zipo. Acha kuvimeza, tumieni kondomu, na wiki hii uende na paketi yako mkononi, iwe hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, ukamweleze mhudumu wa uzazi wa mpango habari ya vimulimuli kabla ya jambo jingine lolote. Wengi wetu tukiulizwa kama tunaumwa kichwa hujibu «ndiyo» na kunyamaza. Vijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja havina estrojeni, na mojawapo huenda ikakufaa.

Dawa ya maumivu imeze kichwa kinapoanza tu. Lakini ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe hugeuka chanzo cha maumivu. Na ikiwa uso au mkono utalegea upande mmoja, maneno yatakwama, au kichwa kitapasuka ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, hata katikati ya tendo la ndoa, kimbilieni hospitali saa hiyohiyo.

Sasa mumeo. Kipandauso huweza kudumu saa chache hadi siku 3, na muda huo taa, sauti, hata harufu ya udi uliotiwa chumbani kwa mapenzi humchoma mgonjwa. Sisi wa mwambao tulifundwa na masomo wetu, yaani makungwi, kwamba mke hamnyimi mumewe, na wengi tukaelewa kwamba hata akiumwa asiseme. Sikubaliani na uelewa huo hata kidogo, na nimeona ndoa nzuri zikipoa kwa ukimya wa namna hiyo. Anza leo kutia alama kwenye kalenda kila siku ya hedhi na kila siku ya kichwa. Usiku mmoja usioumwa, mkishakula, mwonyeshe alama hizo zinavyofuatana, umwombe akusindikize kliniki, kisha umwambie ni siku zipi unamtamani, maana nahisi hilo hajalisikia kwa miezi mingi.