Meya haendeshi shule za kitongoji New Jersey
Je, meya ndiye anayeendesha shule za umma katika vitongoji vya New Jersey, Marekani? Hapana. Vitongoji vingi New Jersey vina bodi ya elimu inayopigiwa kura, kwa kawaida watu 9 wasiolipwa, muhula miaka 3. Meya huteua bodi katika wilaya chache tu za shule (maeneo yenye bodi yake ya shule), zile ziitwazo za aina ya kwanza. Bodi humwajiri msimamizi mkuu wa shule kwa mkataba wa miaka 3 hadi 5. Msimamizi huyo ana kiti kwenye bodi ila hana kura.

Fedha ndiyo penye kelele. Kodi ya majengo kwa ajili ya shule haiongezwi zaidi ya 2% kwa mwaka, ukiacha misamaha michache kama ongezeko la wanafunzi. Wilaya inayofanya uchaguzi wa bodi Novemba ikibaki ndani ya kiwango hicho, bajeti haipelekwi kwa wapiga kura. Ikitaka kuzidisha, lazima iwaombe.

Kuhusu ubora, soma ripoti ya jimbo ya kila shule, usitegemee sifa za madalali wa nyumba. Angalizo: wilaya ndogo nyingi hazina sekondari ya juu, watoto hupelekwa wilaya jirani, hivyo matokeo yao ya mwisho yatafute huko.