Mauser ya 1871: Niliyojifunza kwa Kuitunza na Kuijazia Risasi

Miaka sita iliyopita, katika mnada wa silaha za kale jimboni Ohio, nilinunua bunduki ambayo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni mwangu Tanga. Wazee wetu waliposimulia vita vya Mjerumani, hawakukosa kuutaja moshi wa bunduki za askari. Bunduki hiyo ni Mauser ya mwaka 1871, kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser wa Oberndorf. Ni bunduki ya mtutu wa milimita 11, hupakiwa risasi moja moja, na hutumia baruti nyeusi. Ujerumani ilipopata bunduki ya baruti isiyotoa moshi mwaka 1888, zile za zamani ziliuzwa nje au zikapelekwa makoloni, ndiyo maana vita vilipoanza mwaka 1914 vikosi vingi vya askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani bado vilikuwa vimebeba aina yake iliyo fupi kidogo. Yangu ni ile ndefu ya askari wa miguu, na uzito wake unakaribia kilo nne na nusu.

Kabla ya jambo lingine lolote, naomba tuelewane kuhusu sheria. Hapa Marekani, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 haiihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa sawa na silaha za kisasa, lakini majimbo yana sheria zao, na mgeni ambaye hajapata makazi ya kudumu asinunue hata risasi moja kabla ya kumwuliza wakili. Ndugu zangu mlioko nyumbani, msiutumie ushauri huu kama ruhusa. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kokote kati ya hizo mbili kujitengenezea risasi nyumbani bila kibali kutakufikisha mahakamani. Ukikuta bunduki ya babu darini, usiifungue wala usiisafishe; nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa.

Anayenunua aanze na mtutu. Ingiza taa ndogo upande wa nyuma, kisha uchungulie mbele. Mifereji minne iliyochongwa ndani inapaswa kuonekana imezunguka vizuri hadi mwisho, na vidoa vya kutu hapa na pale si kasoro ya kukukimbiza, lakini sehemu iliyovimba kama pete ni alama ya mtutu uliokwisha kuumia. Halafu soma namba. Wajerumani walipiga namba karibu kwenye kila kipande, hata skrubu, na bunduki ambayo namba zake zinalingana imedumu na viungo vyake ilivyozaliwa navyo. Yangu ilitofautiana katika skrubu mbili tu, nami nikaridhika.

Katika ukarabati nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Mbao ya kitako ilikuwa nyeusi kwa mafuta na uchafu wa zaidi ya miaka mia moja, nami nikachukua msasa nikaisugua mpaka rangi ya mti ikatokea. Ilipendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu nililinganisha na picha nilizopiga siku ya kuinunua, nikaona kwamba mihuri midogo ya wakaguzi, ile iliyokuwa na taji juu ya herufi, ilikuwa imefutika kabisa. Mihuri ile ilikuwa ndiyo cheti cha kuzaliwa cha bunduki, na hakuna fundi duniani awezaye kuirudisha. Ningepaswa kutumia kitambaa na mafuta ya kitani ya vuguvugu, nikifuta kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kuliacha giza la mbao mahali pake. Chuma nacho hakihitaji kupakwa rangi mpya. Mafuta mepesi, nyuzi laini za shaba na subira vitaondoa kutu nyekundu bila kugusa rangi ya zamani iliyo chini yake. Skrubu zilizokwama nilizilowesha mafuta kwa siku nne, na nikazifungua kwa bisibisi iliyochongwa ncha yake ikaenea mfuo wa skrubu barabara, kwa sababu bisibisi ya kawaida huteleza na kuacha jeraha. Nilipomaliza, nilimpelekea fundi wa bunduki mwenye leseni aipime bolti, yaani kipande kinachofunga mtutu kwa nyuma, na chemba, yaani tundu linalopokea risasi. Usipige risasi hata moja kabla ya hatua hiyo, hata kama bunduki inaonekana nzima machoni pako.

Sasa nije kwenye risasi, ambako hasa ndiko mtu anaweza kupoteza jicho. Chuma cha bunduki hii kilifuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo husukuma kwa msukumo wa chini kuliko baruti ya kisasa isiyotoa moshi. Watu watakuambia kwamba baruti ya kisasa kidogo tu haidhuru; usiwaamini. Nimewahi kuuziwa mkebe wa risasi zilizojazwa na mtu nisiyemjua, nikazifungua moja moja mezani, na ndani nikakuta chembe za kijivu zisizo baruti nyeusi hata kidogo. Nilizitenganisha zote na sikuzitumia. Tangu siku hiyo, risasi ambayo sikuijaza mwenyewe haiingii katika bunduki yangu.

Risasi ya jeshi ilikuwa na gramu 5 za baruti na kichwa cha madini laini ya risasi cha gramu 25, nacho kilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 430 kwa sekunde. Usiige kipimo hicho. Ganda la kisasa ni nene zaidi ndani kwenye kitako, hivyo halimezi baruti kiasi kile, na kipimo chako kitoke kwenye kitabu cha wajazaji, si kwenye makala yangu. Jambo la lazima ni kwamba kati ya baruti na kichwa pasibaki nafasi ya hewa. Baruti nyeusi ikipwaya ndani ya ganda inaweza kuuvimbisha mtutu, na huenda ile pete niliyoitaja hapo juu ilianzia hivyo. Mimi humimina baruti polepole kupitia bomba jembamba la shaba lenye urefu unaokaribia mkono wangu, ili chembe zijipange zenyewe, kisha naweka kisahani cha karatasi ngumu, halafu kichwa kilichopakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Nta hiyo hulainisha masizi. Ukiikosa, baada ya risasi chache mtutu hukauka na shabaha hupotea.

Nikiwa mezani na maganda na fataki, yaani vile vifuniko vidogo vya kuwashia baruti, hukumbuka habari ya meli Rubens, iliyofika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili mwaka 1915, ikashambuliwa na Waingereza na kuzama na shehena yake. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimeingiwa na maji ya bahari, na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, walilazimika kuzifungua moja moja, kusafisha baruti na kubadilisha fataki. Zilikuwa za bunduki mpya za aina ya mwaka 1898, si hii yangu, lakini kazi ya vidole ni ileile, nao waliifanya porini bila mizani wala taa ya umeme.

Nilipoipeleka kiwanjani kwa mara ya kwanza, niliifunga kwenye fremu na kuvuta kifyatulio kwa kamba nikiwa nyuma ya ukuta. Risasi ya tatu ndiyo niliyoipiga nikiwa nimeiegemeza bunduki begani. Hakukuwa na upepo, na moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya kiberiti, ulisimama mbele yangu kama pazia. Nilihesabu hadi tano kabla ya kuiona tena shabaha. Askari aliyelala nyuma ya moshi ule alikuwa amekwisha kumwonyesha adui mahali alipo, na bado alipaswa kupakia tena. Bunduki hii haina kifaa cha kulirusha ganda nje, kwa hiyo nilivuta bolti nyuma, nikaiinamisha bunduki kulia, ganda likaanguka majanini. Nililiokota likiwa bado la moto nikalitia katika ndoo ya maji ya sabuni, kabla masizi hayajaanza kuila shaba.