Je, kunyonga kutapunguza wizi wa mabavu Nairobi?

Ndugu, umeuliza kama kurudisha kitanzi kutawatisha majambazi. Hukumu ya kifo yenyewe haijaondoka: kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinaitaja kwa wizi wa mabavu. Kilichokoma ni kunyonga, tangu 1987. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu uliwapa majaji hiari ya kutoa adhabu nyingine badala ya kifo, lakini 2021 mahakama hiyo ikasema unahusu kesi za mauaji tu.

Kuhusu kutisha, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti mwaka 2012, likaona hazithibitishi kwamba adhabu hii hupunguza mauaji wala kuyaongeza. Kwa maoni yangu, mwizi huogopa kukamatwa kuliko kifungu cha sheria.

Linaloniuma zaidi ni makosa ya kumhukumu asiye na hatia, na mengi huanzia kwenye utambuzi wa usiku. Shahidi anasema "kulikuwa na taa". Taa gani? Ilikuwa wapi, mwanga ulimfikia nani usoni, kwa umbali gani, kwa muda gani? Je, alieleza sura au mavazi alipoandikisha ripoti ya kwanza kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, kabla mtu hajakamatwa? Kwenye gwaride la utambuzi mshukiwa husimama kati ya watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na umbo. Shahidi akishamwona korokoroni, gwaride hilo halina thamani tena.

Ibara ya 50(6) ya Katiba humruhusu aliyemaliza rufaa kuomba Mahakama Kuu isikilize kesi upya ushahidi mpya wenye uzito ukipatikana. Ombi hilo linamhitaji akiwa hai.