Ukiulizwa Unataka Mshahara Kiasi Gani, Taja Kama ni Ghafi

Mwaka 2022 niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya afisa ununuzi katika kampuni moja jijini Dar es Salaam. Baada ya maswali ya kazi, ambayo nilikuwa nimejiandaa nayo wiki nzima, mwenyekiti wa jopo alifunga faili lake akaniuliza, "Binti, unategemea tukulipe kiasi gani?" Nilijibu shilingi 800,000 bila kusita, kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na fedha ya kumtumia mama Tabora kila mwezi. Wakatazamana, wakakubali papo hapo, nami nikatoka pale nikimshukuru Mungu.

Mwisho wa mwezi benki ziliingia shilingi 540,000. Nilikwenda kwa mhasibu nikiamini kuna kosa, naye akaniwekea hati ya mshahara mezani, akawa ananionyesha kila mstari kwa ncha ya kalamu: 80,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani asilimia 10 ya mshahara, 60,000 za kodi ya mapato, inayokokotolewa baada ya kuondoa mchango huo, na 120,000 za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, maana nilisoma chuo kwa mkopo. Hakuna aliyenidhulumu. Mimi nilitaja fedha ya kushika mkononi, wao walisikia mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Kwa makato yale yale, ili nishike 800,000 nilipaswa kutaja takribani 1,310,000, na pengo hilo nililibeba mpaka mkataba ulipoisha.

Ndiyo maana ninamsihi kila anayekwenda kwenye usaili aanze na fedha anayohitaji kushika mkononi, kisha apande nayo hadi kwenye mshahara ghafi kabla hajatoka nyumbani, na akitaja kiasi, neno "ghafi" liandamane nacho, iwe ni kwa mdomo au kwenye fomu ya maombi. Aliyesoma kwa mkopo na asiyekuwa na mkopo wanaweza kulipwa sawa kwenye karatasi wakatofautiana sana benki, kwa hiyo usichukue hesabu ya rafiki yako ukaifanya yako.

Katika barua ya maombi mimi sitaji mshahara isipokuwa tangazo limedai hivyo. Kwa nafasi za serikali swali hili halina uzito mkubwa, kwa sababu tangazo huonyesha ngazi ya mshahara, kwa mfano TGS D, na jopo la usaili halina mamlaka ya kuibadilisha.

Kuhusu mshahara wa kazi iliyotangulia, wapo wanaoshauri uongeze kidogo. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani mwajiri anaweza kukuomba hati za mshahara za miezi ya karibuni, na hapo utakuwa umepoteza kazi na heshima kwa pamoja. Sema ulicholipwa, kisha ueleze ni majukumu gani ya kazi mpya yanayozidi yale ya zamani.

Jambo jingine linalowapita wengi ni mgawanyo wa mshahara wa msingi na posho. Ukiahidiwa jumla nzuri ambayo sehemu kubwa yake ni posho ya nyumba na usafiri, uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani, kwa sababu kwa sheria ya kazi ya Tanzania malipo ya saa za ziada, ambayo hayapaswi kupungua mara moja na nusu, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi vilevile.

Katika usaili wangu uliofuata nilipoulizwa swali lile lile, nilijibu: "Naomba kwanza kufahamu kiwango mlichotenga kwa nafasi hii, na kama ni ghafi." Niliogopa kwamba ningeonekana mjeuri. Afisa rasilimali watu alifungua daftari lake akanisomea: kati ya milioni 1.2 na milioni 1.5, ghafi. Nikaomba milioni 1.4, nikaeleza zabuni nilizosimamia, nao wakanipa milioni 1.35.