Baiskeli Bagamoyo: anzieni Kaole

Dada, umeuliza pa kumpeleka mama kuendesha baiskeli, mbali na magari na pasipo vilima. Nendeni Bagamoyo, mshike njia ya Kaole. Ni kama kilomita 5 kutoka mjini, tambarare, katikati ya minazi na mashamba, na magari ni ya kuhesabu. Tokeni asubuhi na mapema, jua halijakaza. Mchanga ukizidi, punguzeni upepo kidogo kwenye matairi.

Mkifika msiwe na haraka: kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu, zilizopambwa zamani kwa mabakuli ya Kichina. Mimi hukaa chini ya mbuyu wa pale nusu saa nzima. Mkirudi, piteni misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1868.