Maswali ya Wasomaji: Mpakato 45, Ruta Moja

SWALI: Shule yetu imepata kompyuta mpakato 45 za mtumba. Tuliandaa moja kwa Windows 11, tukanakili diski yake kwenye nyingine kwa Clonezilla. Darasa likiwasha zote, thelathini hivi zinapata Wi-Fi, zilizobaki zinazunguka tu. Chache zinaingia, lakini kila tovuti inadaiwa si salama. Na zote zinaitwa MAABARA-01. Ruta yetu ni ya laini ya 4G.
Mwalimu wa TEHAMA, Njombe

JIBU: Mwalimu, hayo ni matatizo matatu yaliyokutana chumba kimoja.

Kwa zile zinazolalamikia usalama, tazama tarehe kwenye kona ya skrini. Huenda ukaikuta imerudi nyuma miaka kadhaa. Cheti cha tovuti kina siku ya kuanza, na kwa mashine iliyobaki nyuma siku hiyo bado haijafika. Windows nayo haijirekebishi: saa ikipishana kwa zaidi ya saa 15, kwa kawaida inakataa kusahihishwa na mtandao. Weka tarehe kwa mkono, zima, chomoa chaja, kaitazame kesho yake. Ikirudi nyuma tena, kibetri cha ubaoni kinachotunza saa kimekufa. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, ila fungua mashine moja kabla ya kununua, maana kwenye mpakato nyingi kimevikwa plastiki na kina waya mbili zenye soketi yake.

Wi-Fi sasa. Soma boksi la ruta: nyingi za laini ya simu huishia vifaa 32, na simu za wanafunzi waliopenyezewa nywila zinahesabiwa humo humo. Kuongeza bando hakusaidii kitu. Zima Wi-Fi ya ruta, iache igawe anwani za mtandao tu, kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.250, na muda wa kushikilia anwani uwe saa 2 badala ya 24. Kisha vuta waya hadi vituo viwili vya Wi-Fi, kimoja kila upande wa chumba, kimoja chaneli 1 na kingine chaneli 11 kwenye GHz 2.4, upana wa MHz 20. Kama mpakato zinaona GHz 5, tumia hiyo kwanza. Ukitumia ruta kuukuu kama kituo, ibadilishie anwani yake isifanane na ya ruta kubwa, zima DHCP yake (ugawaji wa anwani), na waya uingie tundu la LAN, si la WAN. Wengi husahau DHCP, ruta mbili zinagawa anwani kila moja kivyake, na nusu ya darasa linapotelea hewani.

Jina moja ni kosa la kunakili. Ulinakili hadi kitambulisho cha ndani cha Windows, na matoleo ya karibuni hugoma kushirikiana mafaili yakikutana na pacha wao. Hapa hakuna njia ya mkato, rudia mashine mama, ile ya kwanza uliyonakili. Zima BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) usubiri diski ifunguke kabisa, chomoa intaneti (programu za Store zikijisasisha katikati, kazi inakwama), kisha kwenye C:\Windows\System32\Sysprep andika amri hii ya kufuta kitambulisho hicho:

sysprep /generalize /oobe /shutdown

Ikishazima, usiiruhusu kuingia Windows tena. Iwashe kwa flashi ya Clonezilla moja kwa moja. Nakala zitajipa majina ya ovyo. Zibatize kwa PowerShell (dirisha la amri la Windows), moja moja:

Rename-Computer -NewName MAABARA-07 -Restart

Namba hiyo hiyo ibandike kwenye kifuniko.

SWALI: Tunanakili mashine 20 kwa mpigo kupitia swichi ya gigabiti. Wiki iliyopita GB 40 zilichukua dakika kama 15. Leo saa nzima imepita, na hatujabadilisha kitu ila waya mmoja uliokatika.
Fundi, Kisumu

JIBU: Huo waya ndio. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizo ndani yake. Jozi moja ikiwa mbovu, mashine inashuka hadi megabiti 100 na kuendelea kana kwamba hakuna tatizo. Kwenye mpigo wa pamoja wote humsubiri wa mwisho, kwa hiyo mashine 19 zinakwenda kwa mwendo wa hiyo moja, yaani MB 11 au 12 kwa sekunde. Angalia taa za swichi: tundu lenye rangi tofauti na mengine ndilo. Bana kichwa cha waya upya, au utupe. Na usijaribu kunakili hivi kwa Wi-Fi, hata kwa mashine tano.